MASHINE YA JIRANI HAINIACHI NILALE!

Leo tunazungumzia kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni habari ya afya. Hatuzungumzii malaria wala kichocho, wala yale mambo mengine mliyozoea kuyasoma katika kurasa hizi. Tunazungumzia kelele. Na si kelele za watu, ni kelele za MASHINE.

Tuseme unakaa Kilwa Masoko, nyumba ya tatu kutoka kwa mnunuzi wa pweza. Ni saa nane usiku. Ulijitupa kitandani saa nne, umechoka, baada ya kuhangaika na Hisabati, maana mtihani wa kidato cha nne uko mbele yako. Mara, trrrr-GUM! Kompresa ya chumba cha baridi imewaka. Kitanda kinatetemeka kidogo, kikombe kilicho mezani kinalia. Inanguruma robo saa, inazima. Unashukuru Mungu. Usingizi unaanza kukuchukua... trrrr-GUM! Umeme ukikatika ndiyo kasheshe zaidi. Jenereta linawashwa, na moshi wake unaingia dirishani pamoja na mlio. Asubuhi unakwenda shule macho mekundu, mwalimu anaandika ubaoni, wewe unaona kama siafu wanatembea.

Unamwambia mama. Mama anakujibu: "Nyamaza, mwanangu. Sasa pweza wangu nitamuuzia nani?"

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Mwenye mashine ile si adui. Ndiye anayempa mama fedha ya unga na ada yako. Huenda dada yako anafanya kazi kwake ya kusafisha samaki. Kwa hiyo mtu anaona bora akae kimya, ajifunike shuka, alale akiweza. Lakini usingizi nao si kitu cha anasa. Bila usingizi mwili haujengeki na akili haishiki. Basi tuone jinsi ya kupata vyote viwili: pweza wauzwe na watu walale.

KWA NINI MASHINE ZINAONGEZEKA

Wazee wetu wa pwani hii ya Lindi walikuwa na njia zao za kuhifadhi samaki. Walimkausha wakapata ng'onda, walimtia chumvi, walimkaanga. Njia hizo hazipigi kelele. Lakini pweza wa Songo Songo, wa Somanga na wa Kilwa Kisiwani siku hizi anakwenda mbali, na mnunuzi wa mbali anamtaka akiwa mbichi au ameganda. Hapo ndipo panapohitajika friza, barafu na vyumba vya baridi.

Umeme nao umesogea karibu. Gesi ya Songo Songo ilianza kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004, na baadaye mitambo ya Somanga ikaanza kutumia gesi hiyo kwa ajili ya Kilwa yenyewe. Mwezi Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapa Kilwa Masoko, bandari iliyopangwa iwe na sehemu zake za barafu na za kugandisha samaki. Maana yake ni kwamba biashara ya baridi inakua, na injini na mota zinazidi. Ongeza mashine za kusaga na kukoboa, ongeza karakana za mbao na za kuchomelea vyuma, na majenereta ya nyumba za wageni pale Nangurukuru njia panda. Si Kilwa tu. Uliza Lindi mjini, uliza Mchinga.

Ngoma hukesha, sawa, lakini kuna siku inakwisha na watu wanarudi makwao. Kompresa haina siku ya mwisho wa sherehe.

KELELE INAUFANYA NINI MWILI?

Sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Kipimo hiki kina ujanja wake, kwa hiyo soma polepole. Desibeli zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imeongezeka mara kumi, ingawa sikio lako litasema "imezidi kama mara mbili". Mashine mbili zinazofanana zikiwaka pamoja hazifanyi desibeli mara mbili. Zinaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo jirani mwenye kompresa mbili akikwambia, "Haya, nimekuzimia moja," usishangae ukiona tofauti ni ndogo. Hajakudanganya. Ndivyo sauti ilivyo.

Sasa, mlio unaofika chumbani kwako usiku mara nyingi hauna nguvu ya kuua masikio. Unachoharibu ni usingizi. Masikio hayana kope. Umelala, lakini yenyewe yako kazini, na kila mlio wa ghafla unapokuja ubongo unauliza: "Kuna hatari?" Moyo unaongeza mapigo, mwili unatoa kemikali za kukuandaa kukimbia au kupigana, usingizi mzito unageuka mwepesi. Huenda usiamke kabisa. Asubuhi utasema ulilala, ila umechoka tu, hujui kwa nini.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilishauri kwamba ndani ya chumba cha kulala mlio unaoendelea usizidi desibeli 30. Huo ni utulivu hasa, kama chumba ambamo watu wananong'ona kwa mbali. Mwaka 2009 ofisi ya shirika hilo huko Ulaya ikashauri kuwa nje ya nyumba usiku, kwa wastani wa mwaka mzima, isizidi 40. Wataalamu wameona kuwa watu wanaoishi miaka mingi katika kelele za usiku wanapata shinikizo la damu na maradhi ya moyo kuliko wengine. Kwa bibi yako mwenye "presha", jambo hili si la mchezo.

Na wewe kijana? Mtu wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku. Uliyosoma mchana ubongo unayapanga wakati umelala. Ukikatwa usingizi mara sita kwa usiku, unakuwa mzito wa kukumbuka na mwepesi wa kukasirika. Halafu watu wanasema huyu mtoto siku hizi ana kiburi.

Wapo watakaokwambia, "Aa, utazoea." Akili huzoea, ni kweli. Baada ya wiki kadhaa huamki tena kama mwanzo. Lakini moyo hauzoei kabisa. Unaendelea kushtuka kila mashine inapowaka, hata kama mwenyewe hujui.

KWA NINI USIKU NI ZAIDI?

Mashine ni ileile, mbona mchana huisikii sana? Kwanza, mchana ina wenzake: pikipiki, redio, watoto, majogoo. Usiku wenzake wamelala. Pili, usiku ardhi inapopoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti badala ya kupaa angani inapinda na kurudi chini. Inakwenda mbali zaidi. Tatu ni upepo. Wakati wa kusi, aliye upande wa kaskazini wa mashine ndiye anayepata taabu. Wakati wa kaskazi, zamu inageuka. Ndiyo maana jirani wa upande wa pili anaweza kukuona mzushi mwezi wa Julai, na mwezi wa Januari akaja mwenyewe kukuunga mkono!

Kisha kuna nyumba zetu. Mlio mwembamba, kama wa feni au msumeno, unazuilika kwa ukuta mzuri. Mngurumo mnene wa injini unapita ukutani kama hauuoni, na mwingine unapita ardhini na kupanda kwenye miguu ya kitanda. Nyumba ya fito na udongo, yenye nafasi wazi kati ya ukuta na paa, imejengwa kuingiza hewa, na inapoingia hewa sauti nayo inaingia. Zile nyumba za kale za mawe pale Kilwa Kivinje, zenye kuta nene, zinaizuia vizuri zaidi. Kufunga madirisha? Jaribu mwezi wa Februari, uone kama utalala au utaiva.

Jambo moja ambalo wengi hawajaliona: chunguza kelele za mnunuzi wa pweza pamoja na mwezi. Wakati wa bamvua bahari inakauka mbali, watu wanashuka mwambani kwa wingi, pweza wanakuja wengi kwa mkupuo. Mzigo mpya una joto, na kompresa inabidi ifanye kazi karibu usiku kucha. Wakati wa maji mafu inapumzika. Kama hujui hili, utakwenda kulalamika siku ambayo mashine imetulia, na mwenyewe atakuuliza, "Kelele gani?"

KWANZA KABISA: MOSHI

Kabla ya kelele, tazama moshi wa jenereta unatokea wapi. Kama bomba lake limeelekea dirisha lako, au jenereta limewekwa ndani ya chumba au varanda iliyozibwa, hapo USISUBIRI kikao wala barua. Katika moshi ule kuna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Watu wa nyumba moja wakizipata pamoja usiku jenereta likiwaka, tokeni wote nje kwenye hewa, mwambieni mwenye jenereta alizime, na nendeni zahanati au hospitali mara moja. Jenereta likae nje, mbali na madirisha na milango, na moshi uelekezwe kusiko na watu.

ANZA NA DAFTARI, SI NA MDOMO

Sasa turudi kwenye kelele. Kosa la wengi ni kwenda kulalamika wakiwa na hasira na bila habari kamili. "Mashine yako inapiga kelele kila siku!" Mwenyewe anajibu, "Si kila siku, jana haikuwaka." Basi, umeshindwa.

Chukua daftari la kawaida. Kwa wiki mbili, andika kila usiku tarehe, saa mlio ulipoanza, saa ulipoisha, ni kompresa au jenereta, upepo ulikuwa upande gani, na ulikuzuia kufanya nini. "Saa 8.10 hadi 8.30, mtoto ameamka analia." "Saa 5 hadi 7, jenereta, nimeshindwa kusoma." Wiki mbili zinatosha kupitia bamvua na maji mafu. Waombe majirani wawili watatu nao waandike. Daftari tatu zikisema saa ileile, hakuna atakayesema unaota.

Ukiwa na simu yenye programu ya kupima sauti, unaweza kuitumia ujue ni saa ngapi inazidi na ni upande gani wa nyumba unaumia. Usiende nayo kama ushahidi wa mwisho, maana simu si kipimo cha kisheria, na fundi mjanja atakucheka.

Katika kuuliza majirani utajifunza jambo jingine. Baba wa nyumba ya pili ni mvuvi wa dagaa, anatoka magharibi na taa zake na kurudi alfajiri. Yeye usiku wake ni mchana. Kompresa ya saa nane haimhusu. Kinachomtesa ni mashine ya kusaga ya saa nne asubuhi. Mtakapokaa kupatana, kumbukeni na usingizi wa mtu wa namna hii. Sheria haimtazami sana, lakini majirani wanaweza.

KUMWENDEA MWENYE MASHINE

Usiende usiku. Usiende siku ya bamvua wakati watu wamejaa na mizani. Na wewe msichana, usiende peke yako kwenye ghala la mtu, hata kama ni mtu mnayemwita mjomba. Nenda na mtu mzima anayeheshimika: shangazi, baba mdogo, mwalimu. Msiende ishirini. Watu ishirini mlangoni ni fujo tayari.

Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Hodi! Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Kwema?"

"Kwema, mjomba, ila tumekuja na shida ndogo ya ujirani. Biashara yako sisi tunaitaka, mama anauza hapahapa. Ila mashine ile ya nyuma usiku inatuamsha. Tumeandika saa zake kwa wiki mbili, hizi hapa."

"Sasa mnataka nizime? Mali ya watu ioze?"

"Hapana, hatusemi uzime. Tunaomba uje siku moja saa nane usiku ukae chumbani kwetu dakika kumi. Halafu tumwite fundi tuone kinachowezekana."

Unaona? Hujamwita mkorofi na hujatishia polisi. Umemwomba asikie kwa masikio yake. Wenye mashine wengi hawalali hapo, wanalala mtaa mwingine, na kwa kweli hawajui mlio ule ukoje ukiwa umelala. Akikataa kuja usiku, mwombe tarehe ya kukutana tena. Usiondoke na neno "tutaona". Tutaona haina tarehe.

FUNDI ANAWEZA KUFANYA NINI?

Hapa ndipo tunapotaka ukae vizuri, maana ukijua mambo haya unakwenda kwa jirani na dawa mkononi, si na malalamiko tu. Mengine hayana gharama kubwa, na mengine yanamrudishia fedha mwenyewe.

Mashine inayopiga kelele kuliko zamani mara nyingi ni mashine mbovu. Beringi zimekwisha, mkanda umelegea, bolti imechomoka, feni inagusa kifuniko chake. Mlio ule ni umeme na vipuri vinavyopotea. Vilevile zile nyavu za chuma nyuma ya kompresa, ambazo kazi yake ni kutoa joto, zikijaa vumbi na chumvi ya bahari, mashine inashindwa kupumua na inafanya kazi saa nyingi zaidi ili kupata baridi ileile. Zikisafishwa, inawaka kwa muda mfupi zaidi, luku nayo haikimbii. Mlango wa chumba cha baridi nao utazamwe. Kama mpira wake umechanika, baridi inatoka usiku kucha na kompresa haipati nafasi ya kuzima. Mwambie mwenye biashara habari ya kelele, atakusikiliza nusu. Mwambie habari ya bili ya umeme, atakuvutia kiti.

Mtetemo unaokuja kwa ardhini una dawa yake. Mashine isifungwe moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji iliyoungana na ukuta wa jirani. Iwekwe juu ya mipira maalumu ya mashine, au kwa asiye na uwezo, vipande vinene vya mpira wa tairi la gari, kila kona kimoja. Ila uzito wa mashine uulizwe kwa fundi. Mpira mwembamba chini ya injini nzito unabanwa ukawa kama jiwe, hausaidii kitu.

Jenereta liwekewe sailensa nzima. Nyingi zimetoboka kwa kutu ya chumvi na hakuna aliyejali. Kisha kuna swali la umbali. Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali mara mbili unapunguza desibeli kama 6. Kulihamisha jenereta kutoka mita 5 hadi mita 20 kutoka dirishani ni kupunguza desibeli kama 12, na sikio litaona mlio umepungua zaidi ya nusu. Hiyo ni gharama ya waya na kibarua wa siku moja.

Ukuta wa matofali kati ya mashine na nyumba unasaidia, mradi uwe mzito, uwe mrefu kuipita mashine, uwe karibu na mashine yenyewe, na usiwe na matundu. Tundu dogo linapitisha sauti kama bomba bovu linavyopitisha maji. Uzio wa makuti au wa mabati membamba hausaidii mngurumo, ingawa unapendeza. Lakini tahadhari: injini haifungiwi kwenye sanduku bila hewa. Itachemka, inaweza kuwaka moto, na moshi wake utakwenda ndani.

La mwisho ni ratiba. Samaki walioganda tayari, ndani ya friza nzima iliyojaa na isiyofunguliwa ovyo, wanaweza kubaki na ubaridi zaidi ya siku moja. Kwa hiyo umeme ukikatika saa sita usiku, si lazima jenereta lianze kunguruma dakika hiyohiyo kwa ajili ya mzigo wa juzi. Pweza walioingia leo jioni ni habari nyingine, hao bado wana joto na hawawezi kungoja. Basi, mnunuzi apange kupokea na kugandisha mapema, barafu itengenezwe mchana, na mashine zote mbili ziwashwe kabla ya saa nne usiku ili baada ya hapo zipumzike zaidi. Siku za bamvua mtamvumilia kidogo. Na yeye siku nyingine atawavumilia.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja, mambo matatu manne, tarehe, sahihi za pande zote na ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa.

AKIKATAA JE?

Wapo wenye vichwa vigumu, hatutakudanganya. Hapo ujue haki yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Chini ya sheria hiyo zilitungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Katika kanuni hizo mchana ni tangu saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni tangu saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Eneo la makazi matupu kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara ni 55 na 45. Penye makazi, biashara na viwanda vidogo ni 60 na 50. Unaona kwamba kabla ya kubishana juu ya mlio, watabishana juu ya mtaa wenu ni wa namna gani. Jiandae kwa swali hilo.

Peleka daftari kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa kwanza, halafu kwa mtendaji. Baraza la kata linaweza kuwakalisha, kwani kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha. Mwoneni na afisa afya wa kata, kwa kuwa udhia unaodhuru afya za watu umo katika Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Pakishindikana, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ile inayotoa leseni za biashara, mkimwomba afisa mazingira aje na kipimo. Mwambieni aje USIKU, tena usiku wa bamvua. Akija saa tano asubuhi atapima majogoo. Juu ya halmashauri kuna ofisi ya taifa ya mazingira, ile watu wanayoiita NEMC, ambayo kwa kanda yetu ya kusini iko Mtwara. Mwaka 2023 ofisi hiyo ilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe kwa ajili ya kelele, kwa hiyo si kweli kwamba sheria hii inakaa kabatini tu.

Barua iwe ya majirani wengi, si ya mwanafunzi mmoja. Kila barua bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, barua yenu "haikufika".

Na tafadhali, usirushe mawe juu ya bati lake. Usikate waya. Umeme unaua, na mzigo utakaooza ni wa mama zenu. Usimjibu kwa kufungulia redio mpaka mwisho, utakuwa umewapa majirani mashine mbili. Vilevile ugomvi wa aina hii una tabia ya kugeuka: leo kompresa, kesho "huyu si mtu wa hapa", keshokutwa dini yake. Ukisikia mazungumzo yanaelekea huko, yarudishe kwenye kompresa.

WEWE UNAYEFANYA KAZI KWENYE MASHINE

Pengine msomaji wetu ndiye anayewasha ile mashine. Wewe hatari yako ni ya masikio yenyewe. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vya kupokea sauti, na vikifa havioti tena. Desibeli 85 kwa saa 8 za kazi ndio mpaka unaotajwa na wataalamu wengi, na kwa hesabu yao kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, umeshafika huko. Ukitoka kazini masikio yanalia "nziii", yanakuomba msaada.

Dai vizibo vya masikio au vile vifuniko vya kichwani. Pamba ya kawaida haizuii mlio wa mashine. Usichokonoe kwa njiti. Pokezaneni zamu, na wakati wa kupumzika kaa mbali na injini, si kuegemea ukuta wake na kusikiliza muziki kwa spika za masikioni ukishindana na mngurumo.

USIKU WA LEO

Wakati barua zinasubiri mihuri, usiku wa leo lazima ulale. Sogeza kitanda mbali na ukuta wa upande wa mashine. Kama unasikia mtetemo, kata kandambili kuukuu, weka kipande chini ya kila mguu wa kitanda. Kinapunguza mtetemo wa sakafu, ingawa mlio wa hewani hakiuzuii. Kabati la nguo likae ukuta uleule wa mashine. Vizibo laini vya sponji ukivipata duka la dawa vinasaidia, viwe safi, na usivivae kama wewe ndiye unayeamkia mtoto mchanga. Siku za bamvua soma mapema na ulale mapema, kabla mzigo haujafika. Na ukiamua kuhamia chumba cha mbele au ukumbini, hama na chandarua chako.